Miiba ya Shemasi

Sogezeni viti, wanangu, kwa maana sauti yangu haifiki tena ukutani, na sitaki Verna mwenye kalamu aandike nisichokisema. Rodney, hamia upande huu wa kushoto, sikio la kulia limeshanikimbia. Na wewe Twyla, mtoto wa ndugu yangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji. Vua hayo mabuti yenye matope uje ukae hapa kitandani, miguuni pangu. Nimewaita nyote watatu asubuhi hii nikiwa na akili zangu timamu, mimi Delmar Maddux mwana wa Ansel, ili niseme Kilima cha Mialoni kinakwenda kwa nani, na niseme kwa nini, kwa sababu nikisema la kwanza nikaacha la pili mtanifukua kaburini.

Mepesi kwanza. Nyumba hii, ng'ombe, na mashamba mawili ya nyasi yaliyo kando ya barabara ni ya Rodney. Biblia ya ukoo yenye majina na tarehe zetu zote, picha za ukutani, na mablanketi aliyoyashona mama yenu kwa vipande ni vya Verna, pamoja na lile daftari la baba la ndege, ambalo nimemwomba alilete na naliona liko mapajani mwake. Hayo yameisha. Sasa tuje kwenye kilima.

Rodney, najua unachofikiri. Unafikiri kilima ni chako kwa kuwa umekilinda. Mwaka jana Twyla alipompiga dume mchanga wa bata mzinga kwenye uzio wa chini, ukamfuata mpaka uani kwake ukamwambia mbele ya mumewe, "Damu haijifichi! Baba yako aliua mtoto na wewe umeua mtoto." Uliporudi ukanisimulia, nikacheka nikakusifu. Lishike neno hilo, nitalirudia.

Ninyi mmekulia ndani ya sheria ya babu yenu, lakini hamkuisikia kinywani mwake. Baba alisema kwamba msimu wa kuwinda ukifunguka na miti ikaanza kutoa maua, anayeingia kilimani amsubiri dume aliyekomaa, yule mwenye ndevu za kifuani zinazofagia nyasi na miiba mirefu nyuma ya miguu, kwa sababu dume mchanga wa mwaka huu ndiye atakayewika mwaka ujao, na kilima kinachopigwa wachanga wake hunyamaza. Aliyempiga mchanga aliweka bunduki chini misimu mitatu, na jina lake liliandikwa humo daftarini. Ilikuwa misimu mitatu, wanangu. Baba hakusema milele.

Sasa nimtaje Coy. Rodney, baba yako mdogo alizaliwa nikiwa na miaka minne, na tangu siku ile sikuwahi kuwa na kitu ambacho yeye hakuwa na kizuri zaidi. Nilichonga kijisanduku cha mwerezi cha kuitia ndege, nikakisugua kwa chaki, nikajifunza majira manne ya baridi mpaka kikalia kama bata mzinga jike kabisa. Coy alifungua mdomo tu. Aliita kwa koo lake mwenyewe, bila kifaa, akiwa anatafuna mkate wa mahindi, na dume aliyekuwa ananijibu mimi aliniacha katikati akaenda kwake. Mezani alipoeleza habari watu waliweka uma chini. Mama yenu Oleta aliolewa na mimi, akanipikia mimi, akanizalia mimi, lakini kicheko chake cha kweli, kile cha kufuta machozi kwa aproni, kilitoka Coy alipokuwa anasimulia. Nilikihesabu kila kicheko. Hakukuwa na kitu kati yao, naapa mbele ya Mungu, na ingekuwa nafuu kwangu kama kingekuwepo, maana ningekuwa na sababu.

Kulikuwa na dume mmoja tuliyemwita Shemasi, kwa jinsi alivyotembea kando ya uzio wa makaburi ya kanisa na kifua mbele kama anakusanya sadaka. Nilimwinda misimu mitatu. Nilijua mti anaolala, nilijua unyayo wake wa kulia uliopungukiwa kidole. Baba alikuwa ameshaanza kukohoa mwaka ule, na kila mtu alijua kwamba atakigawa kilima kabla ya baridi, tena akasema waziwazi mezani kwamba atampa yule anayejua kusubiri. Kwa hiyo kwangu Shemasi hakuwa ndege tu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Aprili, mwaka elfu moja mia tisa sabini na saba. Twyla, tarehe hiyo unaijua. Nilikaa juu, penye mialoni mitatu. Coy alikaa chini kwenye chemchemi. Nikasugua kijisanduku, Shemasi akanijibu mara tisa, akaja, akaja, nikaona kichwa chake chekundu kwenye majani, nikakaza bunduki begani. Ndipo nikasikia chini kule Coy akiita mara moja, taratibu, kama mtu anayemwamsha mkewe. Shemasi akageuka. Hakufikiri hata kidogo. Dakika mbili baadaye nikasikia mlio mmoja.

Nilipofika chini Coy alikuwa amepiga magoti akimkunja Shemasi mbawa. "Kaka, tazama miiba hii!" akasema. "Ukimtundika kwa hii tawini, hadondoki!" Hakusema kwa kunisimanga, na hilo ndilo lililoniunguza, alitaka nifurahi naye. Mara jirani akapiga kelele kutoka barabarani kwamba mke wa Coy ameshikwa na uchungu. Coy akasimama, mkono wake una damu na manyoya, akacheka. "Mpelekee baba, kaka. Mwambie nakuja na mwingine!" Akakimbia. Huyo mwingine ni wewe, Twyla.

Nikabaki na Shemasi. Nikakaa chini ya mti, hatua kumi hivi, sikuweza kumgusa. Ndipo wakatokea kichakani madume wachanga watatu, wale waliomkimbia Shemasi majira yote yale, wasiothubutu hata kuwika akiwa karibu. Walimzunguka, wakanyoosha shingo, wakaona hasimami. Mmoja akampanda mgongoni akaanza kumpiga kwa mbawa na kumdonoa kichwani. Akampiga vile, jamani, kama anamdai. Nilimtazama yule ndege na nilijua kabisa anachokisikia moyoni, na sikupenda kujua. Nikampiga risasi.

Nipe maji, Verna. Kidogo tu.

Sasa nina ndege wawili chini na kila mmoja wetu ana kibali cha mmoja. Nilibeba wote wawili mpaka kwa baba. Njiani sikupanga lolote, nakuapieni, lakini baba aliponiuliza, "Yupi wa nani?" mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikasema, "Shemasi ni wangu. Huyu mdogo ni wa Coy."

Baba alifuta mikono. Akachukua daftari.

Kesho yake Coy alikuja kutoka hospitali na sigara mfukoni za kugawa, kwa kuwa amepata binti. Baba akamwonyesha ukurasa. Coy akasema, "Baba, mimi sikumpiga mtoto. Muulize Delmar, tulikuwa wote." Baba akanigeukia. Nami nikamwekea ndugu yangu mkono begani, nikasema kwa upole kama mchungaji, "Kubali tu, Coy. Ulikuwa na haraka, mkeo alikuwa kwenye uchungu. Si aibu kubwa." Akanitazama. Alinitazama mpaka nikaona ameelewa yote, hata lile la kwa nini. Halafu akacheka kidogo, si kile kicheko chake, akasema, "Haya, kaka. Ndege ni ndege." Akatoka. Hajawahi kulisema tena, si kwa baba, si kwa mkewe, na naona usoni mwako, Twyla, kwamba hata wewe hakukuambia. Hilo nalo nimemwonea wivu, kwamba aliweza.

Mwezi Agosti baba akaniandikia kilima. Coy akapewa lile bonde la kijito linalofurika. Dukani kwa mbegu kila akiingia watu walilia kama vifaranga, "Piu, piu, piu, karibu Coy!" naye alicheka nao mwaka mzima, kisha akahamia mjini Springfield kufanya kazi kiwandani. Baba akafa Februari. Misimu mitatu ilipokwisha Coy alinipigia simu. "Kaka, adhabu yangu imeisha. Naweza kuja Jumamosi?" Nikamwambia sheria imebadilika, aliyeua mtoto haingii tena. Niliibadilisha palepale nikiwa nimeshika simu. Niliogopa ataita, na ndege watakwenda kwake.

Na sheria ikishakuwa hivyo, lazima imshike kila mtu, ama sivyo watu watauliza. Rodney, mwaka uliofuata, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuja unakimbia, umembeba dume wako wa kwanza shingoni, ndevu zake urefu wa kidole gumba, na ulikuwa unacheka. Mimi nikakunyang'anya bunduki. Mama yako akaniambia, "Delmar, muache mtoto afurahi leo." Sikumwacha. Hukucheka tena hivyo ndani ya nyumba hii, na ukawa mkali kuliko mimi, na kila ulichomfokea Twyla mwaka jana nilikufundisha mimi, nikijua. Usiiname, mwanangu. Nitazame.

Oleta alijua. Jumapili ile tuliyomla Shemasi, aliuma kitu, akakitoa mdomoni, akakiweka kando ya sahani. Ilikuwa punje ya risasi. "Hii ndogo," akasema. "Wewe si unatumia zile kubwa?" Baba alikuwa anajipakulia viazi, hakusikia. Mimi nikamsogezea baba chumvi. Aliishi na mimi miaka thelathini na minne baada ya hapo, na punje ile niliikuta kwenye kikopo chake cha vifungo tulipomzika.

Kwa hiyo andika, Verna. Kilima cha Mialoni, chote, kuanzia uzio wa makaburi mpaka chemchemi, ni cha Twyla binti wa Coy. Simpi kama zawadi. Namrudishia. Wakili ana karatasi, nimeshatia sahihi Jumanne. Rodney, usipige mlango. Kaa. Una haki ya kunichukia mimi. Yeye huna haki ya kumchukia.

Na mtaniuliza, tupige wachanga au tusubiri? Baba hakukosea, wanangu. Kilima ambacho kila mtu anapiga chochote kinachokuja kitakuwa kimya baada ya misimu miwili, nimeviona vilima vya namna hiyo. Aliyekomaa anakufundisha kukaa, anakufundisha kusikiliza. Mchanga anakuja mwenyewe, hajui kitu, hana hata sauti. Nyama yake ni laini, hilo kweli. Basi hivi: mtu anayewinda kwa mara ya kwanza ampige anayemjia, mdogo au mkubwa, na mle naye mezani, na mumuulize habari nzima kuanzia alivyoamka. Baada ya hapo asubiri. Mwaka ambao hamsikii wengi wakiwika, msipige yeyote. Na anayesubiri asimpekue mwenzake mfuko. Mimi nilisubiri misimu mitatu, na kusubiri kwangu hakukunifanya mtu mwema hata kidogo.

Verna, fungua ukurasa wa tarehe ile. Pale palipoandikwa Coy, mchanga, piga mstari, uandike Delmar. Pale palipoandikwa Delmar, Shemasi, uandike Coy. Nataka niione kalamu ikitembea. Kwa wino, mwanangu, acha penseli.

Vizuri.

Rodney, chini ya kitanda kuna kopo la tumbaku. Ndani yake kuna miguu miwili ya ndege, myembamba, nyuma yake kuna vinundu tu kama punje za mahindi. Hiyo ndiyo yangu ya siku ile. Kwenye mlango wa kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi, juu kabisa, kuna ubao wenye miiba ya Shemasi na jina langu nililolichoma kwa msumari. Ulifute kwa randa, uandike la baba yako mdogo. Miiba yote mingine niliyoipata maisha yangu iacheni chini yake. Nimeipima, nimeipima mara nyingi, hakuna unaoifikia. Na ya kopo uitundike mwisho, karibu na bawaba, na jina langu. Bunduki ya babu yako ni yako, Rodney. Ile niliyokunyang'anya. Nilipaswa kukurudishia jioni ileile.

Twyla... sogea. Jana asubuhi uliita kule chini. Dirisha lilikuwa wazi. Ulikuwa huna kifaa, nilijua, maana niliacha kupumua. Koo ni lake lilelile. Nikalala hapa, mtu wa miaka sabini na minane, nusu yangu imeshakufa, nikakuonea kijicho. Watoto wangu hawakulipata koo lile. Nilikuonea kijicho wewe, na baba yako, ambaye miaka kumi yuko ardhini.

Mungu awabariki. Akupe Verna afya ya macho. Akupe Rodney... akurudishie kile kicheko. Akupe Twyla kilima chenye sauti. Mnizike upande wa pili wa mama yenu, mbali na Coy hatua chache, nisimbane.

Sasa ita, binti yangu. Hapo dirishani. Taratibu, kama yeye.

...

Dume kamjibu.

Msikilizeni, anakuja... Bado kijicho kinaniuma. Liacheni dirisha wazi.