Mzee Haa na Pete Aliyoikosea

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mzee Haa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi saa. Shule aliishia darasa la saba. Mwenyewe alisema kichwa kilitaka, makalio ndiyo yaliyokataa benchi.

Mwaka 1976 alianza kazi mezani kwa baba yake. Saa zikamshinda, akahamia vito vya mitumba: pete, hereni, mikufu iliyokwishavaliwa na wengine. Watu walimletea wajue jiwe ni la kweli au ni kioo. Analigusisha mdomoni kwanza, aone kama lina baridi. Halafu analipumulia, haa. Ukungu ukifutika hapo hapo, ni jiwe. Ukigandaganda, kioo. Mwisho lenzi, atafute viputo vya hewa ndani. Jina lilitoka hapo. Hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na wengi walimnunia.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Juni 1984. Pete ilipoletwa akaipumulia mbele ya wageni. Mama akamwambia, "Ukimaliza hiyo, unipime na mimi." Anasema majibu hajapewa mpaka leo.

Mwaka 2011 dada mmoja, fundi cherehani, alileta pete ya bluu aliyoachiwa na mama yake. Ndugu zake walikuwa wanamcheka kwamba amerithi chupa. Baba akapumulia, ukungu ukafutika. Akaangalia upande wa juu wa jiwe kwa lenzi, safi. Akamwambia ni yakuti ya kweli. Yule dada akalia pale pale.

Mwaka uliofuata ikaja nyingine kama ile. Ikamponyoka, ikalala kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, na pembeni pakatokea duara jekundu. Lilitokana na kipande chembamba cha jiwe jingine jekundu, la kweli, kilichogandishwa juu ya kioo cha bluu. Cha juu ndicho kinachojibu pumzi. Baba akajua ile ya kwanza alipima kofia, hakupima kichwa. Akaenda kumtafuta yule dada, akakuta amehama. Toka siku hiyo hakuna jiwe lililotoka mezani kwake bila kulazwa kifudifudi kwenye karatasi.

Februari mwaka 2025 mapafu yalianza kumsumbua. Kitandani hakuongelea kingine. "Nilimdanganya bila kujua," alisema. "Sasa najua, na bado nimenyamaza. Huo ndo uongo wenyewe."

Tukaulizia cherehani kwa cherehani. Jumanne tarehe 19 Agosti yule dada akaja, pete iko kidoleni. Baba akamweleza yote. Dada akasema sonara mmoja alishamwambia miaka mitano nyuma.

"Mbona hukuja kunisema?"

"Nilikuwa nimeshaizoea, mzee."

Akaivua, akampa aipime upya. Baba akaipumulia. Ukungu haukutokea, pumzi ilikuwa imeisha. Akaomba karatasi, akailaza kifudifudi, duara jekundu likatokea.

"Kioo, mwanangu. Nisamehe."

Dada akasema yameisha, akaivaa tena, akakaa naye mpaka jioni.

Baba alifariki Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa tano asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na dada yake mkubwa. Fundi cherehani yupo hapa, amekaa na familia. Lenzi na karatasi bado viko mezani, hatujavigusa.

Lala salama, Mzee Haa. Ulisema ukweli, na aliyeambiwa amesikia.