Lango Moja la Ngome ya Eulengreuth

Sogeeni wanangu, kaeni hapa karibu na kitanda, Eberhard upande huu na Sibylle upande ule, maana leo nasema na ninyi wote wawili kwa pamoja, na sina pumzi ya kurudia. Kuni, mpishi wangu mwema, weka hiyo supu chini. Najua utasema, "Bwana mkubwa, kunywa kwanza, wosia haukimbii." Wosia haukimbii, lakini mimi ndiye ninayekimbia, mama. Kaa na wewe usikilize, umekula chumvi yetu muda mrefu kuliko hawa watoto.

Mimi Lothar, mtoto wa Veit, wa ukoo wa Eulengreuth, ninaondoka nikiwa na akili zangu timamu. Msilie. Wazee wetu hawakulia hata siku ile wakulima walioasi mabwana zao walipopanda kilima hiki na mienge mikononi; wazee walimwaga mapipa ya maji kwenye paa, wakafungua lango, wakawauliza, "Mna njaa? Ingieni mle, kisha tuzungumze." Walikula, wakazungumza, wakashuka. Ngome za majirani zetu ziliungua zote majira yale, na moshi wake ulionekana bonde zima, lakini hii mnayoiona ikasimama. Sisi hatukuwa watu wa mfalme mdogo yeyote wala wa askofu, tulikuwa watu wa Kaisari peke yake, mfalme mkuu wa Ujerumani yote, na kati yetu na Kaisari hapakuwa na bwana mwingine wa kutupigisha magoti. Uzeeni nimejifunza kuyasoma yale maneno ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mawe ya makaburi kanisani kwetu chini, neno moja moja, kidole changu juu ya jiwe, na mchungaji akinirekebisha kama mtoto wa shule. Niwaambie nilichokisoma? Hakuna jiwe hata moja linalosema marehemu alikuwa tajiri. Yanasema alishika neno lake.

Sasa tuje kwenye kilichowaleta. Msijifanye hamjui. Wiki iliyopita walikuja watu wa kupima ardhi, wakapiga vigingi uani na kuvuta kamba kutoka kisimani mpaka ukuta wa kanisa dogo la humu ngomeni, na wewe Sibylle ukawafungulia mbwa. Nilisikia yote dirishani. Mmoja alipiga kelele, "Mama, sisi tumetumwa tu!" Nawe ukamjibu, "Na mbwa nao wametumwa!" Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Lakini baadaye sikucheka. Maana Eberhard, wewe ndiye uliyewaita. Unataka upande wa magharibi na mnara uwe wako, ukuta ujengwe katikati, upande wako umuuzie yule mtu wa mahoteli wa München, na dada yako abaki na jiko na zizi. Na tangu siku ile hamsemeshani. Mezani mnapitia kwa Kuni. "Kuni, mwambie kaka yangu asogeze chumvi." "Kuni, mwambie dada yangu chumvi iko mbele yake, afumbue macho." Nyumba iliyowalisha wapiganaji wa Kaisari, leo inagombania chumvi!

Sikilizeni niwaambie kuhusu Niedereck. Mmezoea kupita pale chini mtoni, mnaona ule ukuta mmoja wenye dirisha moja, mnadhani palikuwa na boma la ng'ombe. Palikuwa na ngome, wanangu, nzuri kuliko hii, na ilikuwa yetu. Waliirithi mtu na binamu yake, Heinz na Jobst, wakaigawana kama mnavyotaka kugawana ninyi. Kila mmoja mnara wake, jiko lake, ndoo yake kisimani. Waligombana sana, mpaka wakaapa kiapo cha kipumbavu, kwamba hakuna atakayemuuliza mwenzake habari za wageni wake, na anayeuliza atalipa faini. Kitu kimoja tu hawakuweza kukigawa, nacho ni lango, kwa hiyo lilikuwa na mlinzi mmoja, na desturi ikawa huyu amlishe wiki hii na yule wiki ijayo.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Martin, siku ambayo hata maskini wa mwisho hula bata bukini. Mlinzi akaenda kwa Heinz. Heinz akasema, "Wiki hii si yangu, nenda kwa Jobst." Akaenda kwa Jobst. Jobst akasema, "Bata wako yuko kwa Heinz, kamdai." Mlinzi yule alikuwa binadamu, harufu ya bata ilikuwa inatoka madirisha yote mawili. Akaweka mkuki wake ukutani, akashuka kijijini kula kwa dada yake, na lango akaliacha kama lilivyo. Wapanda farasi wa yule bwana jirani aliyekuwa akiitamani Niedereck tangu utotoni wakaingia polepole, bila kelele, mchana kweupe. Heinz akachungulia dirishani akaona farasi uani. Akasema, "Wageni wa Jobst hao, mwone alivyo na majivuno." Akarudi mezani. Jobst akachungulia naye. "Wageni wa Heinz. Sisemi kitu, nisije nikalipa faini." Akakata paja la bata. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Walikamatwa wote wawili na vitambaa vya mezani shingoni, hakuna mshale uliorushwa, na jioni ile ngome ikawaka moto. Mawe yake leo yamejenga mazizi ya nguruwe kijijini, nendeni mkaangalie, kuna zizi lina alama ya bundi, nembo ya ukoo wetu, juu ya mlango.

Cheka, Eberhard, cheka, nami baba yangu aliponisimulia nilicheka. Lakini ndugu zao waliobaki hawakucheka. Walikuja hapa juu, wakakaa wote uani, wakaapa amani ya ngome, ile ambayo kila kizazi kimeiapa mpaka changu. Kwamba kuanzia jiwe la lango kuingia ndani, mali ni moja, lango moja, jiko moja, meza moja. Mwenye ugomvi autoe nje ya jiwe, agombane huko mpaka uishe, ndipo arudi. Na anayeleta ukuta au kuinua mkono ndani, fungu lake linakwenda kwa mwenzake, naye anatoka na nguo alizovaa.

Mimi niliapa na ndugu yangu Kaspar, Mungu amlaze pema huko vitani theluji ilikomfunika. Kaspar alikuwa mkali kama pilipili. Tulitoka nje ya jiwe si mara moja, tukapigana ngumi kwenye matope, tukatukanana matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya Kuni. Kuni, usitikise kichwa, wewe ndiye uliyekuwa unatufulia mashati. Tukichoka, Kaspar ananiuliza, "Umeshiba?" Namwambia, "Nimeshiba." Tunaingia, tunakula soseji na kabichi chachu sahani moja. Baba yetu hakuwahi kuuliza damu imetoka wapi.

Na vita vile vilipokwisha, watu wakaja kutoka mashariki na mikokoteni, waliofukuzwa makwao, wenye vitanda na vikongwe na kuku. Mama yenu akafungua vyumba vyote, hata ule ukumbi wa mapanga. Kila dirisha lilitoa bomba la jiko, ngome ilifuka moshi kama treni. Watu wa wilaya wakamwambia, "Mama, unaharibu sakafu ya mababu." Akawajibu, "Mababu wamekufa, hawa wana baridi." Eh, nilijivuna siku ile kuliko siku niliyovishwa pete hii ya ukoo. Kuna watoto waliozaliwa kwenye mnara ambao leo ni walimu na mafundi bonde zima, na wakipita chini bado wanavua kofia, si kwa sababu ya cheo chetu.

Kwa hiyo, Eberhard, sitasema wewe ni mbaya. Unasema, "Baba, paa linavuja, fahari hailiwi." Ni kweli. Paa linavuja, nami natazama tone likianguka kwenye beseni usiku na mchana. Hata fundi wa paa anasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila wewe umeanza na ukuta kabla ya kuziba! Unataka wageni? Waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ngome hii ililaza makaisari na ikalaza wakimbizi, haitaona aibu kumlaza mtu wa Nürnberg na mke wake na picha zao. Lakini wataingia kwa lango moja, watakula kwenye jiko moja, na mwenye nyumba atakuwa ukoo, siyo yule wa mahoteli. Wewe unajua hesabu na maneno ya mjini, shika hayo.

Na wewe Sibylle, usitabasamu, bado sijamaliza. Wewe unaujua msitu, mabwawa ya samaki, kila kigae cha paa. Lakini unataka lango lifungwe ukae na mbwa wako na babu zako waliokufa. Hiyo nayo ni kugawa ngome, mwanangu, kuwagawanya walio hai na waliokufa. Utafungua lango. Mbwa utawafunga.

Msitu, mabwawa, shamba la mizabibu la Südhang na ngome yenyewe nawaachia kama kitu kimoja, mikono miwili. Kuni abaki na chumba chake cha karibu na jiko mpaka afe, na asifanyishwe kazi asiyoitaka. Mchungaji ameshuhudia, yuko pale mlangoni.

Sasa leteni mikono. Komeo la lango hili hapa juu ya blanketi, nilimwambia Kuni aling'oe leo asubuhi. Zito, eh? Sibylle ameweka. Bado mkono mmoja... Bado... Nasubiri, Eberhard, ila usinisubirishe sana... Naam. Huo. Una baridi mkono wako, kama wa mama yako.

Semeni. Lango moja, jiko moja, meza moja... Kwa sauti, siko karibu tena kama zamani... Sibylle nimemsikia. Eberhard, rudia... Rudia tena, mwanangu, usilie, sema tu...

Nimesikia.

Mungu wa baba zetu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wagomvi na wapatanifu... awafunike. Pete yangu msiizike, mkaiweke... Sibylle anajua. Nibebwe na watu wa kijijini, mabegani, siyo kwa gari. Ninyi mtangulie mbele, bega kwa bega, asitangulie mtu. Kuni, dirisha... hapo, inatosha.

Na pale kanisani, wageni wa mbali wakiuliza jeneza hili ni la nani... asijibu mmoja, "La baba yangu..." Sikilizeni... mjibu wote...

"La baba yetu."