Hilda Mounsey, Mhesabu Dakika wa Ligi ya Punguzo

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi wanachama wa Klabu ya Ramani ya Duddon mlioingia kanisani na viatu vya matope kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, familia imenituma mimi Alison, mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, naye alitaka yasomwe kwa tarehe na saa kamili, bila kukadiria hata kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Hilda alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kijijini Broughton, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Isaac Fearon, mfuga kondoo, na mkewe Agnes, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1946, kisha sekondari mjini Ulverston, alikomaliza mwaka 1957 akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika upishi, na nafasi hizo mbili hakuna aliyempokonya mpaka anafariki.

Mwezi Septemba mwaka huo huo aliajiriwa mjini Ulverston kuwa karani wa ratiba za mabasi, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili hadi alipostaafu mwaka 1999, na madereva walimwogopa yeye kuliko meneja, maana ukichelewa dakika tatu alijua umesimama wapi, na kama ulinunua mkate wa nyama, alijua pia uliula wapi.

Tarehe 6 Juni 1964, saa tano kamili asubuhi, alitakiwa kufunga ndoa na Wilfred Mounsey, fundi wa kujenga kuta za mawe, lakini bwana harusi alifika saa tano na dakika arobaini akiwa na udongo magotini, kwa kuwa alikatiza mlimani, akaona ukuta umebomoka, akasimama kuurudishia mawe, na bibi harusi aliyekuwa amesimama mlangoni na saa mkononi akamuuliza mbele ya wageni wote, "Wilf, mwanamume gani anapotea akienda kuoa?" Ndoa hiyo ilidumu miaka hamsini na tisa, wakatupata sisi wawili, mimi mwaka 1967 na mdogo wangu Graham mwaka 1970.

Mwaka 1979 wazazi wetu walijiunga na klabu, wakaanza kukimbia misituni kila Jumapili na ramani na dira, wakitafuta vibendera kimoja baada ya kingine, na kwa miaka saba walioshinda walikuwa vijana wale wale watatu wenye miguu mirefu, hadi siku ile rafiki yake Mama, Beryl Tyson, ambaye yupo hapa mbele na kofia yake nyekundu, alipotupa dira ndani ya gari akasema, "Mimi basi, najua nitakuwa wa mwisho hata kabla sijafunga kamba za viatu." Mama alirudi nyumbani, akachukua penseli, na kufikia Machi 1986 alikuwa ameanzisha Ligi ya Punguzo, ambayo kila mkimbiaji hupunguziwa dakika kulingana na wastani wa mbio zake mwenyewe zilizopita, yaani unashindana na wewe wa jana, na mshindi wa msimu hukabidhiwa birika la shaba ambalo Mama alilirithi kwa Bibi Agnes. Msimu wa kwanza birika lilikwenda kwa Beryl, na vijana wa miguu mirefu wakanuna mpaka Krismasi.

Jamani, ligi hiyo ilikuwa ndiyo Mama mwenyewe. Kila Jumatatu alibandika matokeo kwenye mlango wa ukumbi wa kijiji, na chini yake aliandika kila mara maneno yale yale, kwamba mwenye malalamiko ayalete kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni, na walalamishi walikuja kweli, wakakalishwa, wakapewa chai na penseli, wakaondoka wameshindwa.

Mara moja tu alishindwa yeye. Tarehe 11 Oktoba 1998, mbio za mwisho za msimu, Baba alishinda birika, shangwe ilikuwa kubwa, akaliweka juu ya jiko na kulisugua siku nzima, lakini Jumatano Beryl akaja kusema kwamba Wilf hakuwa amekimbia kwa kasi yoyote, ila mbio mbili za nyuma alitumia saa tatu tatu akitengeneza kuta za watu, wastani wake ukavimba, na punguzo lake likawa la kumwezesha hata kobe kushinda. Mama hakuwa amefikiria kwamba katika ligi yake kupotea kunalipa. Alihesabu upya mezani, mume wake akimtazama, akafuta nyakati mbili mbaya kuliko zote za kila mtu, na Baba akaporomoka kutoka wa kwanza hadi wa tisa, ndipo Mama akalichukua birika kutoka juu ya jiko na kulipeleka kwa mshindi halali kwa miguu yake, kanuni hiyo mkaiita Kanuni ya Wilf. Siku ya tano Baba alimwambia, "Nitalichukua kwa haki, na wewe ndiye utakayeandika jina langu." Ilichukua miaka ishirini na mitano.

Tarehe 14 Februari 2023 Mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 9 Julai akahamia nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, huku akiendelea na hesabu zake kitandani. Hapo ndipo alipoanza kuona kitu kisichomwingia akilini, kwamba Baba, mzee wa miaka themanini na mitatu, anapunguza muda wake kila mbio, dakika kumi na moja, kisha tisa, kisha kumi na nne, akamtuma Graham achunguze kama babake anabebwa na gari.

Mbio za mwisho zilikuwa Jumapili tarehe 22 Oktoba 2023. Jumatatu asubuhi Mama alihesabu mara tatu, akamwita Beryl ahesabu mara ya nne, kisha akaandika: wa kwanza, W. Mounsey. Akamtazama Baba aliyekaa pembeni na matope yake ya jana, akamwambia, "Kumbe njia ulikuwa unaijua miaka yote hii, mshenzi wewe," na Baba akamjibu, "Naijua sana. Nilikuwa nasimama kwa kuta kwa sababu nilijua nikirudi utakuwepo."

Mama alicheka hadi muuguzi akaja. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 24 Oktoba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ramani juu ya vitanda vyao, majirani waliotulisha wiki nzima, wafanyakazi wenzake wa zamani wa mabasi waliofika leo kwa wakati, wote bila kukosa, na klabu nzima, na tukitoka makaburini karibuni ukumbini, chai itamiminwa kutoka kwenye birika lile lile, na atakayemimina ni mwenyewe, Mzee Wilf.

Graham aliibandika karatasi ya mwisho ya Mama kwenye mlango wa ukumbi Jumatatu ile ile, na mwisho wa malalamiko ulikuwa Jumatano saa kumi na mbili jioni kama siku zote. Leo ni Alhamisi tarehe 2 Novemba, Jumatano mbili zimepita, na hakuna aliyekuja kulalamika. Pumzika kwa amani, Mama, hesabu iko sawa.