Sindano Niliyoikataa

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama hapa nikigeuza uso kando. Msidhani ni dharau. Nikimtazama mtu moja kwa moja simwoni. Nikimtazama kwa pembeni, ninapata kidogo.

Wengi mnanijua kama dereva. Nilitoka Kivu ya Kaskazini nikiwa kijana, nikapata kamyo, lori langu mwenyewe, nikabeba samaki miaka mingi kutoka Kasenga kuja hapa Lubumbashi. Nilipopita miaka sitini, barabara iliyonyooka ilianza kupinda machoni mwangu. Bibi yangu, mke wangu wa miaka mingi, alipokaa mbele yangu mezani, niliona masikio na kitambaa chake. Uso ulikuwa doa jeusi. Daktari alisema ni ugonjwa wa uzee: nyuma ya jicho mishipa midogo inavuja maji, na katikati panakufa. Dawa yake ni sindano, ndani ya jicho lenyewe, kila mwezi.

Mara ya kwanza nilishika kitanda kwa mikono miwili. Lakini ilisaidia. Baada ya sindano tatu niliuona tena uso wa bibi yangu.

Kisha mji ukaharibika. Mnakumbuka wenyewe: risasi, maduka yamefungwa, mpaka wa Zambia haupitiki. Kliniki ya macho iliporwa, wakabeba hata frigo, jokofu la dawa. Nilikaa miezi mitano bila sindano. Mambo yalipotulia kidogo, jicho la kuume lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limejaa maji. Wakanichoma dawa ile ile mara nne, maji hayakupungua.

Daktari wangu, mama mmoja mpole, akaniambia, "Papa, hii dawa haiwezi tena. Tubadilishe, tutie ingine. Na kamyo, uiache."

"Hiyo ingine itanirudishia jicho?"

"Siwezi kukuahidia. Ila tukibakia na hii, utapoteza yote."

Nilikataa. Dawa ya kwanza nilikuwa nimeizoea; hiyo nyingine niliogopa itamaliza hata kidogo kilichobaki. Na kulikuwa na jambo jingine, nalisema kwa haya: kukubali dawa mpya kulikuwa kukubali kwamba kazi yangu imekwisha. Daktari nilimwambia nitafikiri. Bibi yangu nilimwambia jicho limepona. Asubuhi yake nikawasha kamyo.

Niliendesha hivyo wiki sita, nikifuata ukingo wa barabara kwa pembe ya jicho. Siku moja nikirudi na samaki, mchana kweupe, karibu na daraja la Naviundu, nikasikia kishindo. Sikuwa nimeona kitu. Nilishuka nikipapasa. Mama mmoja alikuwa chini, mboga zake zimetawanyika, mguu umevunjika mahali pawili.

Hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake. Siku ya tatu nikamwambia, "Mama, sikukuona."

"Mi nilikuangaria mu macho," akasema. "Sikukimbia. Niliwaza uliniona."

Ndugu zangu, neno hilo lilinivunja. Nikamweleza yote, hata sindano niliyoikataa.

"Sasa unangojea nini?" akauliza. "Unangojea uue muntu? Wende bakuchome sindano."

Nilikwenda kesho yake. Bibi yangu alinishika mkono, na njiani nikamwambia jinsi nilivyomdanganya. Akaniachia mkono, akanishika shati tu mpaka tulipofika. Sindano ya kwanza ya dawa mpya haikubadili kitu. Ya pili vilevile. Baada ya tatu, daktari aliangalia picha ya jicho kwa muda mrefu, akasema, "Mayi inapungua."

Doa halikuondoka, ila liliacha kukua. Ninaona mlango, ninaona sahani yangu. Uso wa bibi yangu sikuupata wote. Nina paji na kidevu. Kamyo niliiuza.

Namshukuru daktari, ambaye hakunifukuza niliporudi na aibu yangu. Namshukuru bibi yangu, aliyenisamehe polepole, na bado hajamaliza. Nanyi nawaambia: dawa ikishindwa, msiing'ang'anie kwa sababu mmeizoea. Na ukiwa huoni, sema huoni kabla hujamuumiza mwenzako.

Yule mama anatembea na fimbo, na hataiacha. Yuko hapa kati yenu, sitamtaja. Nilipomuuliza nimfanyie nini, alinijibu nije kusema haya mbele ya watu.

Mama, sijui umekaa upande gani. Nimesema.