Mama Atalipa Nani, Aliyefundisha Kuuza Msitu Uliosimama

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mbegu. Baada ya sekondari ya bweni alisomea misitu, akahitimu stashahada mwaka 1979, mwanamke peke yake katika darasa la watu thelathini na mmoja.

Kwa miaka kumi na tano alikuwa bibi misitu, akikimbizana na wachoma mkaa. Mmoja wao Mama alimkamata mara tisa. Mara ya tisa yule bwana akamwambia, "Dada, tumeshazoeana. Sasa niambie, huu mti nikiuacha, atanilipa nani?" Mama akamwachia, akaondoka na swali lake.

Mwaka 1995 aliacha kazi, akapanga vyumba viwili juu ya duka la vipuri, akaanza kufundisha watu kuishi kwa biashara ya kutunza mazingira: asali, miche, chemchemi ambazo viwanda vya bondeni huwalipa wakulima wa mlimani wazitunze. Mchoma mkaa yule ndiye aliyefungua daftari la wanafunzi. Darasani Mama alijifanya mnunuzi, tena mbishi kupindukia. Ukimletea maneno matamu ya ndege na vipepeo, alipiga miayo waziwazi. Alitaka kujua atalipa nani, na kwa nini alipe tena mwaka kesho. Jina la utani likatoka hapo.

Aliolewa tarehe 8 Septemba 1984. Baba, fundi saa, alimposa mara tatu; mara mbili za kwanza alirudishwa, eti hoja hazijakamilika. Juzi Baba alisahau, akamuuliza kutoka jikoni kama amefunga dirisha, akangoja ajibiwe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Kitinda mimba wake, anayesoma wasifu huu, alipitia darasa lile mara tatu bila kuambiwa "nanunua." Mwezi uliopita alimpelekea wodini mpango mwingine: kiwanda cha nguo kilipie kinamasi kinachokichujia maji, kisichimbwe udongo tena.

Mama alisikiliza amefumba macho. "Kiwanda kitalipa, sawa. Na wafyatua matofali wanaochimba pale, watakula wapi?"

Binti alishinda na wafyatua matofali siku sita. Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, alifika wodini saa tano asubuhi na jibu lake. Mama alikuwa ameaga dunia saa nne na nusu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na wanafunzi zaidi ya mia nne. Tunatamani mno arudi, hata atukatalie tu.

Binti anaomba amjibu hapa: "Mama, wafyatua matofali ndio watakaolipwa kukilinda kinamasi. Wameshakubali."

Hatutajua kama angenunua. Apumzike kwa amani.