Mwezi wa Kinyozi

Benchi la mbele ya duka la kinyozi alilitengeneza Seremala kwa mikono yake, lakini jioni ile alilikalia kama mtu aliyekalia misumari. Kinyozi alikuwa ameteka kijiwe kizima kwa habari ya redioni: wataalamu wanadhani huenda huko mbali kuna mwezi wenye hewa, unaozunguka sayari kubwa ajabu, na huenda mtu akaweza kuishi. Kilichomuuma Seremala si mwezi. Dada muuza kahawa, ambaye siku zote humimina huku amesimama, leo alikuwa ameketi, birika miguuni, macho kwa Kinyozi.

Kinyozi akaeleza kwamba mchana wa huko unaweza kwenda wiki nzima, na usiku vilevile. Ila upepo unasambaza joto, kwa hiyo gizani watu hawagandi.

— Halafu jua likifika utosini, ile sayari inaliziba, — akasema kwa sauti laini. — Nyota zinatoka mchana. Pazuri kwa watu wawili.

Seremala akauliza pazuri wapi. Jua wiki, baridi wiki, mbao zote zitapinda, hakuna mlango utakaofunga. Fundi viatu, waliyemwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake, akadai upepo huo utaondoka na mapaa. Kinyozi akasema basi watu watachimba nyumba ardhini. Hapo Seremala, kwa wivu, akaapa kuwa mvua ya huko hunyesha kwenda juu na nywele haziwezi kuota, kwa hiyo vinyozi wabaki huku huku. Watu wakacheka. Dada hakucheka.

— Mimi nina swali, — akasema. — Kama siku ya huko ni ndefu hivyo, mwanamume akikuambia atakuja kesho kuonana na kaka yako, unamngoja mpaka lini?

Kinyozi akaanza kupiga hesabu ya wiki. Spika akahesabu kwa vidole vyake. Wote walidhani ni swali la mwezi. Seremala peke yake ndiye aliyejua ni nani aliyeitoa ahadi ya kesho hiyo, na kwamba aliitoa kabla ya mvua za mwaka jana. Masikio yakamwaka. Akaweka kikombe chini, hata nusu hajafika.

— Kaka yako yupo nyumbani sasa hivi?

— Yupo.

Akajipangusa vumbi la mbao mabegani, akashika njia ya nyumbani kwa kina Dada. Kinyozi akanyoosha kikombe aongezewe. Dada akalitikisa birika, akasema kahawa imekwisha, akaanza kukusanya vikombe haraka kuliko siku zote.