Mama Mlezi na Seli Zilizokataa Kufa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, shemeji yetu na watoto mliotuazima mama yenu miaka yote hii, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa: habari za mchana.

Daktari tunayemuaga leo, ambaye mimi ninarithi meza yake, tunamwita Mama Mlezi kwa sababu alifuga seli za saratani ya tumbo kwenye sahani za maabara yetu. Alizipa dawa ya kemotherapi kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, mpaka zilizobaki zikawa sugu. Ukizimwagia dawa, zinazaana kana kwamba umezinywesha uji. Nani mwingine humu angemlea adui kwa upole ule?

Kisha akaanza kuichanganya kemotherapi na dawa ya kawaida ya maumivu, ile tunayomeza mgongo ukiuma. Ndugu Mkurugenzi, wakati huo ulishatuonya: tusipopata matokeo kufikia mwisho wa mwezi, chumba chetu wanapewa wenzetu wa kitengo cha damu.

Asubuhi moja alifungua kabati la joto zinamolelewa seli, akapiga kelele: "Nani ameua watoto wangu?"

Tukakimbia wote. Huyu anakagua umeme, yule ananusa chakula cha seli, mimi naulizwa kama nimenawa mikono. Sahani yenye dawa zote mbili ilikuwa imejaa maiti. Mfamasia wetu ndiye aliyeuliza, "Lakini Mama, si tulitaka zife?"

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akasema, "Sahani moja ni bahati. Rudieni."

"Mama, chumba kitaondoka!" tukalalamika.

"Kiondoke. Mgonjwa simpelekei bahati."

Tukarudia. Mwezi ukaisha, Mkurugenzi akaja, na nyuma yake wenzetu wa damu na maboksi yao. Mama akamsogezea darubini: "Chungulia kwanza, bwana, ndipo unifukuze." Seli zilizopewa dawa moja moja zilikuwa hai, zilizopewa zote mbili zilikufa tena. Maboksi yalirudi yalikotoka.

Mama amenikataza kusema tumepata tiba. Hizi ni seli kwenye sahani, si mtu. Tafadhali, asiende mtu kuchanganya vidonge nyumbani. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba chumba bado ni chetu, na hatua inayofuata inaanza wiki ijayo, bila yeye.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Na sasa, Mama, ufunguo wa chumba nakuomba hapa hapa mbele za watu, maana faraghani umeshaninyima.